Saa 2 ya Nkololo na Saa 2 ya Simu

Jumanne moja ya mwezi wa 3, shemeji yangu alikwenda kliniki kwa miguu akiwa na mimba ya miezi 7, kwa sababu mimi nilimuahidi nitampeleka na sikutokea.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alinipigia. Mumewe ni mwanangu sana, tumekaa dawati moja toka darasa la kwanza, na kipindi hicho alikuwa machimboni Geita anasaka mkwanja. "Shemeji, kesho saa mbili unipitie, nina kliniki. Usiniangushe." Nikamjibu, "Tulia shemeji, hiyo imeisha." Na sikuwa namzuga. Palepale nikafungua apu yangu ya kupangia mishe, nikaandika "Shemeji kliniki", nikaweka 2:00, nikavuta shuka nikalala fresh kabisa.

Simu ikalia saa 8 usiku. Nikaizima nikiwa nusu usingizini, nikijua ni alamu tu imejichanganya. Asubuhi nikaingia kijiweni, nikala kichwa cha kwenda Bariadi mjini, nikasepa. Narudi saa 5, nakutana naye njiani anarudi. Viatu kashika mkononi, kanga imejaa tope hadi magotini, kadi ya kliniki kaifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Hakunitukana. Alisema hivi tu: "Shemeji, ungenambia mapema ningetafuta mwingine."

Wanangu, nimeshatukanwa na abiria, nimeshafokewa na tajiri wa pikipiki, nimeshawekwa kati na trafiki. Hakuna kilichowahi kuniuma kama ile sentensi. Nilimpeleka nyumbani bila kumdai hata mia, na usiku ule ule nikaanza kutafuta apu nyingine.

Nieleze kwanza maisha yangu yalivyo, maana mtu wa mbali anaweza kudhani Nkololo mambo ya kupangia mishe kwenye simu ni ya maofisa wa mjini. Nkololo ni kata ya Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, ule mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Huku ni pamba, dengu, choroko, mahindi na ng'ombe. Mimi naendesha boda ya mkataba: kila siku nampelekea tajiri hesabu yake, mkataba ukiisha chuma kinakuwa changu mazima. Na maza tunalima ekari 3 za pamba. Jioni nauza vocha na kuwekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Kwa hiyo kwa siku moja kichwani nina hesabu ya tajiri, ticha wa kumtoa stendi, mbolea ya mjomba ya kubeba, dawa ya pamba, cheni ya piki inayolia, mtu ninayemdai jero na mtu anayenidai msimbazi. Hapo sijagusa mchango wa harusi wala ada ya dogo.

Masela wengi wa kitaa tuko hivyo hivyo. Hatuna bosi mmoja wala ratiba ukutani. Tunakula kwa ahadi. Boda akisema "nakuja" asije, kesho mteja ana namba ya boda mwingine. Fundi akisema "Ijumaa inakuwa tayari" isiwe tayari, jina lake linapakwa matope hadi gulioni. Mtaji wa kwanza wa kijana wa Nkololo ni neno lake, pikipiki inafuata. Ndiyo maana nalichukulia serious hili suala la kuandika mishe.

Wanasaikolojia nao wameligusa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, walionyesha kwamba jambo usilolimaliza linaendelea kukuvuta akili hata ukiwa unafanya kingine, ila ukishaliwekea mpango unaoeleweka, utalifanya lini na vipi, akili inaliachia hata kabla hujalifanya. Mimi nilikuwa nalijua hilo kwenye mwili bila kulisoma. Kuna siku unaendesha barabara ya vumbi, abiria anakupigia stori, wewe unaitikia tu, kumbe kichwani unazungusha: ticha saa ngapi, ticha saa ngapi. Mashimo yenyewe huyaoni. Kwa dereva boda hiyo ni hatari ya kweli, ya mguu na ya shingo.

Sasa ile apu ya zamani. Jina silitaji. Niliipenda miaka miwili na sitaki kuichafua, maana yawezekana inamfaa mwingine. Ila kwangu ilianza kuzingua taratibu. Kila nikitaka ukumbusho unaojirudia, iliniletea ukurasa wa kulipia, kwa dola, kwa kadi ya benki. Mimi pesa yangu iko kwenye simu, kadi sina. Bando likiisha ilikuwa inazungusha kale kaduara dakika nzima kabla haijafunguka, na mteja kasimama mbele yangu ananingoja niandike. Halafu kubwa kuliko yote: nilikuwa nimeijaza. Siku naifungua ili nihame, nikakuta mishe 143. Mia moja arobaini na tatu! Nyingine zilikuwa na mwaka mzima. "Rudisha jembe la mjomba." Mjomba alishanunua jembe lingine, na mimi kila siku nilikuwa naliruka hilo jambo kwa kidole, kama unavyomkwepa mtu anayekudai.

Nadhani hapo ndipo wengi tunapokwama. Orodha ikishakuwa ndefu hivyo unaacha kuiangalia, na usipoiangalia hata lile la muhimu la leo linazama humo humo.

Nilijaribu njia tatu kwa wiki moja. Ya kwanza ni ile ya kila mtu kitaani: kujitumia meseji mwenyewe WhatsApp. Tangu mwishoni mwa 2022 WhatsApp wameweka sehemu ya kujiandikia mwenyewe, kabla ya hapo tulikuwa tunafungua grupu, tunamwingiza mshikaji, tunamtoa, tunabaki wenyewe. Ni rahisi kinoma, bando la WhatsApp kila mtu analo. Tatizo meseji ya kujitumia hailii. Inakaa pale kimya, inasubiri ukumbuke kwenda kuisoma. Kama ningekuwa na kumbukumbu ya hivyo nisingeiandika.

Ya pili ni Microsoft To Do. Hii ina kitu nilikipenda mno: kuna ukurasa wa siku yangu, na kila usiku wa manane unajifuta, asubuhi unaanza na karatasi nyeupe unachagua mwenyewe leo nafanya yapi. Ukitaka kujua historia yake, ilimeza apu iliyokuwa inaitwa Wunderlist. Hiyo ilitengenezwa na vijana wa Berlin, Ujerumani, mwaka 2010, watu wakaipenda duniani kote, Microsoft wakainunua 2015, na tarehe 6 Mei 2020 wakaizima. Watu waliokuwa wameweka maisha yao humo ikabidi wabebe mizigo wahamie. Hilo linatuhusu na sisi. Apu ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akiamua kuuza kiwanja, unahama. Kwa hiyo kabla sijaingia popote siku hizi naangalia mlango wa kutokea uko wapi: naweza kutoa mishe zangu nikaondoka nazo, au zitabaki humo?

Ya tatu, na ndiyo niliyobaki nayo, ni Google Tasks. Ni kavu, haina mbwembwe. Ilitoka kama apu ya kujitegemea mwaka 2018, na mwaka 2023 Google wenyewe wakahamishia humo vikumbusho vilivyokuwa kwenye kalenda yao. Hailipiwi. Inakubali jambo linalojirudia kila siku, kila wiki, kila mwaka, bila kukuomba dola. Unaandika hata bando likiwa limekata, likirudi inajipanga yenyewe. Na kwa kuwa imefungwa kwenye akaunti ile ile ya Google uliyofungulia simu, simu ikiibiwa gulioni unaingia kwa akaunti yako kwenye simu nyingine na kukuta mishe zako zote. Kwangu mimi zinatosha hizo. Wewe labda ni fundi mwenye wateja 60 unataka picha na makundi na rangi. Tafuta yenye hivyo. Mimi ningekushauri uchague kwa siku unayoishi, usichague kwa sifa za video za mtandaoni.

Kuhama kwenyewe nilikufanya kwa mkono. Kuna namna ya kutoa orodha nzima kwa mpigo na kuiingiza kwingine, nikaikataa. Niliona nikihamisha 143 zote nitakuwa nimehamisha na uchafu. Nikakaa nje ya geto usiku, taa ya sola juu ya ndoo, simu yangu mkono huu, ya kuazima mkono ule, nikasoma moja moja.

Watu wa pamba mtanielewa. Kabla ya kupeleka mzigo AMCOS, chama chetu cha ushirika, unakaa na turubai, unachambua: pamba safi huku, chafu kule, majani na vikonyo unatoa. Ukichanganya, mzigo wote unashuka daraja. Nilichambua hivyo hivyo. Zile nilizokwisha kufanya nikasahau kufuta, nikazifuta. Zile zisizokuwa mishe ila ndoto tu, kama "kuwa na duka Bariadi", nikaziandika kwenye daftari, maana huwezi kuamka Jumatano ukafanya "kuwa na duka Bariadi". Ukitaka iwe mishe lazima uipunguze hadi ifanyike: kaulizie kodi ya fremu karibu na stendi. Hiyo inafanyika Jumatano.

Zikabaki zile ngumu, ahadi nilizokuwa nazikwepa. Hizi nilizipigia simu usiku ule na kesho yake. Nilimpigia mjomba kuhusu jembe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ng'wanawane (mwanangu), nilikuwa najiuliza kama utalikumbuka." Jembe lingine tayari alishanunua, lakini niliendesha piki hadi kwake nikalirudisha, nikamshikisha mkononi. Nilimpigia na dada mmoja wa genge ambaye nilikula kwake chapati za buku mbili mwaka jana nikaahidi kulipa kesho. Nikamtumia hela yake. Akajibu "Wabeja sana", yaani asante sana, basi. Kuna wawili sikuweza kuwalipa, nikawaambia ukweli wangu na tarehe. Mpaka nafunga ile kazi, mishe 143 zilikuwa zimebaki 19. Nilihisi mwepesi, si masihara. Kama ile siku unatua gunia la kilo 100 begani.

Sijawahi kuona apu yoyote ikitangaza kwamba kuhamia kwake kutakulazimisha ulipe madeni ya chapati. Lakini hiyo ndiyo faida kubwa niliyoipata, na niliipata kwa sababu nilisoma moja moja.

Turudi kwenye saa, maana hapa ndipo nataka kila mtu anisikie vizuri.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua. Huku karibu na Ikweta jua linachomoza na kuzama karibu muda ule ule mwaka mzima, kwa hiyo wazee hawakuwa na sababu ya kuhesabu kuanzia usiku wa manane. Jua limetoka, mchana umeanza. Limepita saa moja, ni saa 1. Inaeleweka, na mimi sioni kwa nini tuiache. Simu yenyewe imetoka kiwandani na hesabu nyingine. Saa 2 yetu ya asubuhi kwake ni 8:00. Saa 8 yetu ya mchana kwake ni 14:00. Mdomo unasema mbili, kidole kinabonyeza 2. Kidole changu kilibonyeza 2, na shemeji akatembea kwenye tope.

Nimewauliza masela wa kijiweni, karibu wote imewahi kuwapata. Mmoja alikosa basi la Mwanza. Mwingine alikosa kupiga dawa shamba la tajiri. Zile apu zinazojisifu ukiandika tarehe kwa maneno zinaelewa zenyewe ndiyo balaa zaidi, maana hazijafundishwa Kiswahili chetu. Ukiandika "kesho saa mbili" zinaona maneno matupu, na ukichanganya na Kiingereza kidogo zinakupa saa ya Kiingereza.

Sasa mimi nafanya hivi. Kwanza simu nimeiweka kwenye mfumo wa saa 24, ile ya 14:00, maana hiyo mara nyingi haifanani na saa ya mdomoni, kwa hiyo si rahisi kunidanganya. Ukiona 08:00 lazima ufikiri. Pili, kwenye jina la mishe naandika saa kwa maneno yetu: "Ticha stendi, saa mbili asubuhi." Halafu ndipo nachagua saa ya simu. Nikimaliza nasoma mbele ya mteja kwa sauti: "Ticha, saa mbili asubuhi, simu inaniamsha saa moja na nusu." Mteja anasikia, anatikisa kichwa. Sekunde kumi tu. Na ukijaribu utaona kitu kingine: mteja akiona unaandika jambo lake anatulia. Siku hizi kuna watu wanasema, "Mpigie yule anayeandika."

Ombi langu kwa madogo wa Tanzania wanaosomea kutengeneza programu: tutengenezeeni hii kitu. Apu ya mishe inayojua kwamba saa 2 asubuhi ni saa 2 asubuhi. Watu wanaohesabu saa hivi ni wengi kuanzia pwani hadi Kongo ya mashariki. Simiyu peke yake sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 2. Soko lipo, na dhiki ya kweli ipo.

Kuna lingine la simu zetu hizi za bei ya kitaa. Zinatunza chaji kwa kuzilaza programu usizozigusa. Betri inadumu siku mbili, safi, lakini apu ya mishe ikilazwa hailii, na hutajua kwa nini. Ukishaiweka mpya, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya betri, itafute apu hiyo, iruhusu ifanye kazi muda wote bila kubanwa. Halafu ijaribu: weka mishe ya uongo ya baada ya robo saa, zima kioo, weka simu mfukoni, subiri. Isipolia, usiipe ahadi ya mtu. Mimi kwa mambo yanayohusu mwili wa mtu, kliniki, hospitali, safari ya mgonjwa, naweka na alamu ya kawaida ya saa juu yake. Hizo siziachii mlio mmoja.

Kwenye pamba ndiko apu imenishangaza. Nilidhani apu ni ya mambo ya siku, kumbe kilimo ni mishe zinazojirudia kila mwaka, na kila mwaka tunazikimbilia zikiwa zimeshachelewa. Nimeweka za mwaka mzima. Mwezi wa 11 mvua zikikaa vizuri, kupanda. Baada ya kuota, kupunguzia miche. Kisha kila wiki, asubuhi kabla ya jua kali, kukagua funza wa vitumba: unapita mstari kwa mstari, unafunua vitumba, unahesabu, ndipo unaamua kupiga dawa. Zamani nilikuwa napiga nikiona jirani anapiga. Mwezi wa 5 na wa 6, kuvuna na kuchambua. Na kabla ya tarehe 15 Septemba, kung'oa miti ya pamba na kuichoma ili wadudu wasihamie msimu unaofuata. Mwaka uliopita tulichelewa hiyo, afisa ugani akatutembelea na maza akaaibika mbele ya majirani. Mwaka huu simu itaanza kunisumbua tarehe 20 Agosti.

Ila maza hana simu janja. Ana kiswaswadu, na anakipenda, kinakaa na chaji wiki. Nilipomwonyesha apu, alitazama kioo kwa heshima, akasema, "Na mimi nitajuaje kilichomo humo?" Lilikuwa swali la haki. Shamba ni lake kabla halijawa langu. Kwa hiyo nimechukua karatasi ya kalenda ya mwaka jana, upande mweupe, nimeandika zile za shamba kwa peni nene na kuibandika nyuma ya mlango. Jumapili jioni tunakaa, mimi na simu, yeye na mlango, tunalinganisha. Akifanya jambo anachora mstari, mimi nalifuta kwenye simu. Mara mbili sasa mlango umekuwa sahihi na simu imekosea, kwa sababu yeye alifanya kazi mimi niko safarini.

Bibi yangu alituona tukifanya hivyo akaanza stori ya nsumba ntale. Enzi zao, anasema, kijiji cha Wasukuma kilikuwa na kiongozi wa vijana, na huyo ndiye aliyejua kesho tunalima kwa nani. Hakuna aliyesahau zamu yake, maana alfajiri ungesikia ngoma na sauti za bugobogobo zinapita, majembe yanarushwa hewani, na ukibaki ndani kila mtu amejua. Ukumbusho ulikuwa watu. Nimeiwaza sana hiyo stori. Siku hizi kila mmoja anasafiri peke yake na mishe zake, huyu Geita, huyu Dar, huyu barabarani, na hakuna anayepita mlangoni na ngoma. Simu imeachiwa kazi iliyokuwa ya rika zima.

Ndiyo maana kijiweni tumeanza kitu kidogo. Tuko boda tisa. Yeyote mwenye ahadi ya mgonjwa au mjamzito anawatajia wengine wawili asubuhi: "Mimi saa nne nina mtu wa hospitali." Akipata kichwa cha mbali, mwingine anamwambia, "Oya, mtu wako wa saa nne?" Ama arudi, ama amwachie mwenzake. Hiyo haimo kwenye apu yoyote. Lakini ilianza siku niliyowaonyesha masela ile saa 2 ilivyoniumbua, na wote wakakubali kwamba lingeweza kumpata yeyote, na la mgonjwa halina marudio.

Miezi miwili imepita. Mishe zangu leo ziko 14. Zikizidi 20 najua nimeanza kusema "ndiyo" kwa watu nisiowaweza, nakaa chini naanza kupiga simu za "samahani, hiyo siiwezi, mtafute mwenzangu". Kukataa mapema kumbe ni heshima, shemeji alishanifundisha. Hesabu ya tajiri haijalala hata siku moja. Ticha ameniletea waticha wengine wawili.

Shemeji alijifungua salama mwezi wa 5, mtoto wa kike. Baba yake alirudi kutoka Geita, akaja kijiweni kunipa mkono, nikamweleza mwenyewe yaliyotokea, sikumficha. Chanjo ya mtoto ni Alhamisi. Nimeandika "Shemeji na mtoto, chanjo, saa mbili asubuhi", simu nimeiweka 07:15, alamu ya kawaida juu yake, na masela wawili wanajua. Tanki nimeshajaza.